Mvua Ilitukuta Hatujapanda

Mwavuli wa kwanza kuingia bomani kwetu ulinunuliwa na nyanya yangu, kwa Mwislamu mmoja mwenye duka pale Rongo, kabla mimi sijang'oa meno ya utoto. Wazee walipouona walimfokea kama mwizi. Walisema kitu kile kinafukuza mvua, maana mvua ikikuona umejikinga inajua huitaki. Wakamkataza kuufungua nje. Nyanya, mtu wa kiburi, akawa anaufungua ndani ya nyumba, anaketi chini yake akimenya njugu, huku anawatukana kwa sauti ili wamsikie. Mwaka ule jua likatuchoma kweli. Wakauchukua kwa nguvu, wakautia moto pamoja na mkeka aliokuwa ameukalia. Hiyo siyo habari ninayotaka kusema, lakini nikianza na mvua siwezi kuruka hapo. Watu wetu waliishi na mvua kama mtu na mkwe wake: unamwomba aje, na akija unatetemeka usije ukamkosea.

Na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kupanda nje ya zamu. Mbegu huingia udongoni kwa ukubwa wa nyumba. Mke wa mkubwa wa boma kwanza, kisha anayemfuata, mpaka wa mwisho. Anayeruka zamu analeta chira, ile laana inayokondesha watoto hadi wanazikwa. Sisi tulikaa upande wa Kosele, baba na mama walishafariki, kwa hiyo aliyeanza kupanda alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa. Basi kaka akafa. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Alikwenda Homa Bay kuuza mtama, akarudi na homa, na tulimzika wakati ng'ombe wako shambani wanalima.

Sasa, mjane hapandi mpaka arithiwe. Lazima mwanamume aingie nyumbani mwake, walale, ndipo asubuhi achukue mbegu. Mrithi, au jater kama tunavyosema, alitakiwa kuwa mimi, niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Lakini mimi na mke wangu, kaka na mke wake, tulibatizwa siku moja mtoni, na kanisa lilikataza kurithi wajane. Nisidanganye, wokovu wangu ulikuwa wa kuimba tu. Nilipenda ile sauti nzito ya chini. Mengine sikuwa nimeulizwa.

Mjane ndiye aliyekataa kwanza. Alimwambia baba mkubwa, kaka ya baba yetu, ambaye ukoo mzima ulimwogopa: "Niliolewa na mume mmoja mbele za Mungu. Amekufa. Siingizi mwingine kwa ajili ya mahindi." Nami nikakataa, kusema kweli kwa kuwa yeye alishanitangulia.

Mvua ikanyesha. Maboma ya jirani yakapanda, mahindi yao yakachomoza. Kwetu udongo ulikaa mtupu, magugu yanarudi. Ndugu yangu mdogo akaacha kunisalimu. Mke wangu akaamka akakuta kuku wake wamenyongwa, wametupwa mlangoni. Wake wawili wa yule mdogo wangu walikuwa wakimvizia mjane kisimani.

"Karibu, bibi mchungaji," mmoja anasema. "Watoto wetu watakula wokovu wako kwa mboga gani?"

"Wautie chumvi tu, utashuka," mwenzake anajibu, na anausukuma mtungi kwa kiwiko maji yamwagike.

Nikaenda Kosele kwa mwalimu wa kanisa, nikitumaini ataniambia kwamba kidogo inaruhusiwa. Nilimkuta amepindua baiskeli, mikono imejaa grisi. Baiskeli ile ilikuwa inaharibika kila siku, sijui kwa nini hakuitupa. Akauliza, "Unataka nikuruhusu au nikuombee?" Nikasema lolote lililo jepesi. Akaniombea. Nilirudi nyumbani na hasira zaidi kuliko nilivyokwenda.

Asubuhi moja baba mkubwa akaingia na wazee, pamoja na mtu mmoja kutoka Uriri, mdomo unanuka pombe ya busaa. Walikuwepo watu wa namna hiyo. Ukimpa mbuzi na pombe, anaingia kwa mjane, anaondoka, boma linapanda.

Baba mkubwa akanisogelea, akaongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko fimbo. "Mtoto wa ndugu yangu, umeshinda. Huyu ndiye ataingia. Wewe hutaguswa, na kanisa lako halitaguswa. Sikuombi kufanya kitu. Geuza uso tu."

Maneno yale yalikuwa matamu! Ubatizo wangu ungebaki safi, na shamba ningelima. Mjane alisimama mlangoni kwake, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Shemeji," akasema, "kama unakwenda, nenda. Mimi sitoki hapa."

Nikamwambia Mungu kwa Kijaluo, haraka haraka, bila yale maneno ya kanisani: Baba, naogopa, nishike miguu. Hakuna kilichoshuka kutoka mbinguni. Niliona tu kwamba hata nikigeuza uso, huko nitakakogeuzia Yeye pia yuko. Nikaenda nikasimama mbele ya mlango.

"Mzee, hukuniambia kuna vita," yule wa Uriri akalalamika, akaketi chini.

Fimbo ya baba mkubwa ilinipata begani. "Mbwa wewe! Utazika watoto wa boma hili mmoja mmoja!"

"Labda, baba," nikasema. "Lakini huyu mama halali na mtu asiyemtaka."

Akanipiga tena. Mjane akapita chini ya mkono wangu na kibuyu cha mbegu na jembe, moja kwa moja hadi shambani. Akasali Baba Yetu kwa sauti ya ugomvi, akachimba, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa, jeusi. Yule mke wa ndugu yangu, yule wa mboga, akalitazama wingu, akatazama shimo lililofukiwa.

"Si ameshapanda?" akasema. Kisha akanigeukia kwa ukali: "Na mke wako yuko wapi? Zamu ni yake, anatuchelewesha!"

Mke wangu akaja mbio, mbegu amezifunga kwenye leso. Wale wawili wakamfuata na majembe yao, bado wanatutukana.

Baba mkubwa akabaki uani na wazee wake, anatazama migongo ile iliyoinama. Akatia kigoda chake kwapani. Yule wa Uriri akamuuliza mbuzi wake yuko wapi. Mzee akatoka langoni, akashika njia, na bomani kwetu hakurudi tena.