Kisanduku Nilichokiacha Wazi

Kosa langu nalikumbuka kwa siku yake. Ilikuwa Jumamosi ya msiba wa baba yake Mutua, na mimi nilibaki nyumbani nikitengeneza pedali ya gitaa.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sina mtoto na mvi zangu bado zahesabika. Kwetu Morogoro vijana tuliitana mwanangu bila kuulizana umri, kwa hiyo usinidhanie najitia uzee. Umeniomba nikufundishe kuunda pedali, nami nitakufundisha. Lakini kabla hujashika lehemu, keti kwanza nikwambie ile ya kwanza ilinigharimu nini.

Pedali, kama hujaiona kwa ndani, ni kisanduku cha chuma ambacho mpiga gitaa hukikanyaga ili sauti ibadilike. Ndani mna ubao mdogo wenye vipande vya umeme kama punje za dengu, na nyaya za kuviunganisha. Yangu ilikuwa ya mwangwi: unapiga noti moja, inajirudia, inafifia, kama mtu anayejibiwa kutoka ng'ambo ya bonde. Nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kuunguza vidole, katika chumba cha chini cha nyumba ya Mama Neema hapa ughaibuni, Gaithersburg. Mama Neema na mumewe waliishi juu. Mimi na kazi yangu ya kompyuta tuliishi chini. Zilipita wiki nzima sijasema na mtu ana kwa ana ila salamu za kwenye ngazi. Nisikufiche, upweke ule niliupenda kidogo. Ukiwa peke yako hakuna anayeyaona makosa yako.

Mutua ndiye rafiki pekee aliyekuwa akishuka ngazi zile. Mkenya wa Machakos, kazi yake kutunza wazee kwenye kituo kimoja cha wazee. Akitoka zamu hupita kwangu, huvua viatu, huketi juu ya kreti na kunisikiliza nikilalamika. Baba yake alikuwa mpiga gitaa. Mutua alikuwa na wimbo mmoja wa mzee ulionaswa zamani kwenye kaseti, akauhamishia kwenye simu, na gitaa la humo lilikuwa na mwangwi ule ule niliokuwa nikiuwinda.

Mzee alipofariki, Mutua hakuweza kwenda kumzika. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Wewe unaishi huku, mambo hayo unayajua. Ikabidi atazame mazishi kwenye simu, alfajiri, na mchana wa siku hiyo hiyo watu tukutane naye kanisani Landover, katika lile jengo la kupanga lililo katikati ya maghala. Siku mbili kabla alinipigia.

"Utanipigia ule wimbo wa mzee?"

"Nitapiga."

"Hata vidole vikikwama?"

"Nitapiga, Mutua."

"Sawa basi. Sitaki mwingine."

Jumamosi ilipofika pedali ilikuwa inavuma. Mwangwi ulikuwepo, mzuri kupita nilivyotarajia, ila chini yake palikuwa na mlio mnene usiokatika, kama nyuki ndani ya debe. Nikaondoa adapta nikaweka betri, mlio uko. Nikayeyusha upya viungo vya lehemu kimoja kimoja, mlio uko. Nikabadili waya wa gitaa. Nikabadili vipande ambavyo havikuwa na hatia yoyote.

Mama Neema alichungulia kutoka juu ya ngazi, tayari amefunga kitambaa cheusi.

"Kumbe ni hilo dude lako? Nilidhani friji langu linakata roho."

"Bado kidogo, Mama."

"Twende, gari lina nafasi. Si upige tu gitaa kama lilivyo?"

"Hautakuwa wimbo wa baba yake."

Alikaza fundo la kitambaa chake. "Baba yake amekufa, mwanangu. Aliyebaki ni Mutua."

"Tangulieni. Nakuja nyuma yenu."

Nami niliamini kabisa kwamba nakuja. Nilijiambia haraka haraka haina baraka. Ni methali nzuri ile, lakini mwoga akiipata huigeuza pango la kujifichia. Kuna nyingine sikuitaka siku hiyo, ya kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Haisemi matumbo ya nani. Mimi nilidhani ni ya anayengoja peke yake.

Simu ilitetemeka mezani. Niliona jina la Mutua. Nikasema moyoni, nikiupata ugonjwa wa pedali nitampigia na habari njema. Ikatetemeka tena. Baadaye ikanyamaza, na kunyamaza kwake nikakuona ni nafuu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko yote.

Mama Neema alirudi jua likielekea kuzama, akaniwekea pilau iliyofunikwa karatasi ya alumini juu ya ngazi. Hakushuka. "Alikuwekea kiti karibu na spika," alisema. "Watu wakasimama kuimba, yeye anatazama mlango. Kula kabla haijapoa."

Jumamosi iliyofuata Mutua alikuja. Sikuwa nimempigia, kila siku niliyoiacha ipite iliifanya simu kuwa nzito zaidi. Nilikuwa nimeshaikatia tamaa pedali na kuamua kuiweka kabatini, hivyo nilikuwa nimeufunga mfuniko wake wa chuma kwa skrubu zote ili vipande visimwagike. Mutua hakuvua viatu. Alisimama.

"Ni hiki?"

"Ndicho."

"Hebu washa nisikie kilichokuzuia."

Nikachomeka waya, nikawasha. Kimya. Nikagusa uzi mmoja, noti ikatoka, ikajirudia, ikafifia, safi. Hapakuwa na nyuki.

"Mbona hakivumi?"

Nililielewa jibu mdomo ukiwa wazi. Kisanduku cha chuma, mwanangu, si pambo. Kikifungwa pande zote huzuia uchafu wa umeme unaotoka kwenye taa na nyaya za chumba usiingie ndani. Mimi nilikipima siku zote kikiwa wazi, kwa sababu niliapa sifungi kitu kisichokamilika. Nikamweleza hivyo, polepole, nikitazama meza.

Mutua alitikisa kichwa. "Kwa hivyo baba yangu amezikwa wewe ukingoja mfuniko."

Nikaizima pedali.

"Na si ungekuja tu na hiyo kelele? Mzee wangu maisha yake yote alipigia gitaa kando ya jenereta. Hao watu wangesikia wakadhani wako nyumbani." Alitaka kucheka, akaacha. "Mimi sikutaka sauti, bro. Nilitaka nikigeuka nikuone."

Niliomba radhi, akasema sawa. Miezi michache baadaye alihamia Texas kwa binamu yake. Nikimwandikia hujibu, kwa upole na kwa ufupi, kama mtu anavyojibu salamu za jirani wa zamani. Kreti lake bado liko hapa. Naweka vifaa juu yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Funga kisanduku mapema, ndipo ukipime; hilo ni la ufundi. La pili si la ufundi. Aliyefiwa akikuita, usimpelekee kazi yako iliyokamilika. Jipeleke wewe, na kasoro zako, kwa wakati. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ina saa yake, haikungoji umalize. Na ukimkosa mtu, mpigie siku hiyo hiyo, maana aibu ikilala huamka imenenepa.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na akikunyima hiyo, akupe miguu ya kukufikisha. Akuepushe na chumba kizuri kisicho na mgeni.

Mimi bado naishi peke yangu, na bado sijapiga wimbo hata mmoja bila kuhesabu makosa yangu. Lakini tangu mwaka ule sijakosa msiba wala harusi niliyoitwa, na simu ikilia naipokea.