Kizazi cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa sokoni Majengo, Dodoma, nimepiga goti juu ya gunia la karanga nikilishona mdomo. Akaniuliza kama nina wateja. Nikamwambia ninao wawili.

"Basi nasubiri wamalize," akasema, na hakukata simu.

Niliwapimia wale wanawake haraka haraka huku simu iko begani, namsikia anavyopumua. Walipoondoka nikamwambia aseme.

"Dada, wamekuta saratani. Kwenye mlango wa kizazi."

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi la nafaka.

Nimemzidi miaka minane. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Mkonze na mume wake ambaye ni fundi umeme. Walikuwa na miaka sita kwenye ndoa na mimba mbili zilizotoka. Wiki chache kabla ya simu ile, manesi walikuwa wamefika zahanati ya jirani kupima wanawake. Walimu wenzake walikwenda, naye akaenda nao, kwa kufuata mkumbo tu. Walimpaka siki ndani, likaonekana doa jeupe, wakachukua kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Hakuniambia lolote mpaka jibu liliporudi.

Kesho yake tulikwenda hospitali, mimi na yeye. Daktari bingwa alikuwa mzee mpole mwenye miwani, na pembeni yake alikaa daktari wa kike, kijana, aliyekuwa anaandika. Yule mzee alieleza taratibu. Ugonjwa ni mdogo sana, umewahiwa. Ushauri wake ni kutoa kizazi chote.

"Tukishakitoa, mengi yamekwisha," akasema. "Utaendelea na kazi yako, utaishi."

Mdogo wangu akauliza, "Hakuna njia nyingine?"

Yule daktari wa kike akaacha kuandika. "Ipo," akasema. "Tunaweza kukata kipande tu pale ugonjwa ulipo, kizazi kikabaki. Kipande kinapimwa. Kingo zake zikiwa safi, tunakufuatilia kila baada ya miezi sita."

"Na zisipokuwa safi?" nikauliza mimi.

"Tunarudi kwenye kutoa kizazi."

Mzee alivua miwani. "Tatizo langu si kisu. Tatizo ni huko kufuatilia. Wanawake wangapi tumewaambia rudi baada ya miezi sita, tukawaona baada ya miaka mitatu wamebebwa?"

"Huyu ni mwalimu, daktari, na anakaa hapo Mkonze. Atarudi," akajibu yule wa kike.

"Wote husema watarudi."

Walizungumza kwa heshima, kila mmoja akimwangalia mwenzake na si sisi. Sikuwahi kufikiri kwamba madaktari wawili wanaweza kukaa meza moja wakatofautiana juu ya mtu aliye hai mbele yao. Mwishoni mzee akatwambia twende tukafikiri. "Lakini msikae mwezi."

Kwenye bajaji nilimwambia mdogo wangu hakuna cha kufikiri. Akitoe. Tulipovuka njia ya reli akasema bila kunitazama, "Wewe una wanne."

Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa mama yetu mdogo. Huyo aliugua ugonjwa huohuo kijijini kwetu Gulwe, mdogo wangu akiwa shule ya bweni. Mimi ndiye niliyemwogesha. Nilifua yale matambara, nikachoma ubani chumbani ili watu waweze kuingia kumjulia hali. Alipofikishwa hospitali walimpeleka Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi amekwisha, na hakumaliza msimu wa mavuno. Mdogo wangu alikuta kaburi. Mimi nilikuta yote yaliyotangulia. Kwa hiyo niliposikia neno "kufuatilia" nilisikia nafasi ya ugonjwa kurudi.

Nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilimfuata shemeji kazini, kwenye nyumba aliyokuwa anaiwekea umeme, nikamwambia akae upande wangu. Kisha nikampigia mama. Sikumweleza kwamba kuna njia mbili. Nilimwambia mwanao anakataa matibabu.

Mama alipanda basi kuja Dodoma. Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni Mkonze, sisi wanne. Mdogo wangu alitusalimia, akamwamkia mama shikamoo, akaleta chai, akakaa kwenye kiti cha mbali kabisa. Alikuwa ameshajua tulichopanga.

Shemeji akaanza. "Mimi nilioa mke, sikuoa kizazi. Nataka apone, basi."

"Unasema vizuri leo," mdogo wangu akamjibu. "Ukifika miaka arobaini na mitano, ndugu zako wakikuuliza mtoto yuko wapi, utasema hivyohivyo?"

Shemeji alifungua mdomo, akaufunga, akaitazama mikono yake. Ukimya ule ulimuumiza mdogo wangu kuliko jibu lolote baya.

Mimi nikadakia. Nikasema habari za mama mdogo, zile za matambara na harufu, mambo ambayo hatukuwahi kuyataja mbele ya mwanamume. Nikasema sitamwogesha mtu mwingine wa nyumba yetu kwa hali ile. Nikasema kung'ang'ania kizazi ni ujinga.

"Dada," akasema, "wewe umepima?"

"Nini?"

"Siki. Umepima hata mara moja?"

Nikaanza kutaja biashara, watoto, foleni. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Miaka yote tangu tumzike mama mdogo, nikisikia matangazo ya upimaji nilikuwa natafuta safari ya kwenda kununua mtama.

"Hujapima," akasema. "Unataka nikatwe mimi kwa woga wako wewe."

Nilisimama niondoke. Mama, ambaye muda wote alikuwa hajagusa chai yake, akasema kwa Kigogo nikae. Nikakaa. Kisha akaendelea kwa Kiswahili ili mkwe wake aelewe.

"Mama yenu mdogo alinijia mapema. Alikuwa anatoka damu kidogo, wakati hedhi ilishakoma. Akaniuliza, dada, niende hospitali? Nikamwambia acha, ni mambo ya kike, yatapita. Nikamwambia asijiaibishe kujifunua kwa vijana wa watu. Akanisikiliza kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Akakaa mwaka mzima."

Hakulia. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Sikuwaambia, maana mngenichukia. Tangu siku ile nimeapa sitamwamulia mtu mwili wake." Akanigeukia. "Na wewe ulinidanganya kwenye simu. Huyu hajakataa matibabu. Ameniambia jikoni, kuna dawa mbili."

Kisha akamuuliza mdogo wangu swali moja tu. "Wakikuita kila miezi sita, utakwenda?"

"Nitakwenda, mama."

"Basi amua wewe."

Kikao kikaishia hapo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa, na nikiwa na hasira na mama kwa mara ya kwanza katika utu uzima wangu. Siku mbili mdogo wangu hakupokea simu zangu.

Siku ya tatu niliacha biashara kwa jirani yangu sokoni, nikaenda kupima. Nesi alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaniambia nilegeze mapaja. Sikuweza. Nilikuwa nimeyabana. Akangoja bila kufoka, akaniuliza nauza nini, karanga za mwaka huu zikoje, na nikiwa namjibu habari za mvua akafanya kazi yake. Niliisikia ile siki, baridi, harufu yake kama ya kachumbari. Halafu akawasha taa, akaangalia. Nikahesabu sekunde.

"Uko salama, mama," akasema.

Nikamwandikia mdogo wangu ujumbe: "Nimepima. Niko salama. Nisamehe." Jibu likaja baada ya saa nzima: "Nakatwa Alhamisi. Kipande tu. Uje."

Nilikwenda. Kukata kwenyewe hakukuchukua muda, kilichotutesa ni kusubiri maabara, wiki tatu na siku kadhaa. Mdogo wangu alifundisha kama kawaida. Mimi nilikosea kupima mizigo, nikagombana na wateja bure.

Siku ya majibu, yule daktari mzee ndiye aliyesoma. Alisoma mara mbili, ya pili polepole. "Kingo ni safi," akasema. Shemeji aliinamisha kichwa kwenye meza ya daktari. Mzee akamnyooshea mdogo wangu kalamu. "Wagonjwa wengi ningewashauri vilevile nilivyokushauri wewe. Sijabadilika. Ukikosa kliniki moja, nitakuja shuleni kwako."

Hajakosa. Amekwenda mara tatu, na mara zote nimekaa naye kwenye benchi.

Miezi miwili iliyopita aliniambia hajaona siku zake. Naona aibu kuandika kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa ugonjwa. Ilikuwa mimba. Yule daktari wa kike amemweleza wazi kwamba mlango uliokatwa unaweza kulegea kabla ya wakati, kwa hiyo anamfuatilia kwa karibu na huenda wakamshonea uzi kuushikilia. Mama amehamia Mkonze. Shemeji ndiye anayechota maji na kudeki.

Jana nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala ubavu, madaftari ya wanafunzi yamemzunguka, anasahihisha. Nilisimama mlangoni.

"Dada, usiniangalie hivyo."

"Nakuangaliaje?"

"Kama unasubiri ionekane kwamba ulisema kweli."

Hakukosea. Nikaingia jikoni kumpikia mboga ya mlenda.