Miti Iliyolala Matopeni

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika ukurasa mzima, nikarudishiwa ukiwa umebaki na sentensi moja. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwezi huohuo. Ofisi iliyoniajiri ilikuwa Shinyanga mjini, vyumba viwili juu ya duka la mbolea, ikitoa kijarida cha wachimbaji wadogo. Mimi niliajiriwa kuandika taarifa za ajali. Asubuhi ile Mhariri alinituma Maganzo, ambako shimo la almasi lilikuwa limeporomoka siku iliyotangulia. Niliongea na watu wanane, nikarudi jioni nikiwa na hakika kwamba nimeielewa ajali kuliko waliokuwamo.

Mhariri alisoma akiwa na kalamu nyekundu.

"Uliona ukuta ukianguka?"

"Hapana, mzee. Nimeambiwa."

"Uliona ufa?"

"Upande ulioanguka ulikuwa umeshafukiwa."

"Sasa wewe uliona nini?"

Akakata mstari baada ya mstari. Sentensi iliyobaki ilisema kwamba njia ya kutokea shimoni ni nyembamba, watu wawili hawawezi kupishana. Akaigonga kwa kidole. "Hiyo ndiyo taarifa. Ndiyo maana waliokimbia hawakutoka wote. Umeliona jibu, hukulijua."

Nilimwambia kwamba kwa utaratibu huo mwenye shimo anayewahi kufukia ndiye atakayeshinda kila mara. Akanijibu, "Basi na wewe wahi kufika." Sikuridhika na jibu lile, na hata leo sijaridhika nalo, lakini sikuwahi kupata lililo bora.

Baada ya mwaka mmoja nilihamishiwa upande wa Bulyanhulu, chini ya Mratibu wa Kanda, mama wa makamo aliyekuwa akifika maduarani kwa bodaboda, daftari limefungwa kwenye kanga kiunoni. Duara, kwa ambao hawajafika kwetu, ni shimo la dhahabu linalochimbwa kwenda chini kama kisima, kisha linafuata mwamba huko unakoelekea. Mratibu ndiye aliyenifundisha kuhoji. "Usimuulize mtu nini kilitokea," alisema. "Atakupa hadithi aliyokwisha kuwasimulia watu kumi. Muulize mikono yake ilikuwa imeshika nini." Niliona ni ujanja wa kitoto mpaka nilipoujaribu. Mtu akishakwambia kwamba mkono wa kulia ulikuwa kwenye kamba na wa kushoto kwenye kofia, kinachofuata huwa kweli, kwa sababu mwili haukuandaa maelezo.

Kituo changu cha tatu kilikuwa Nyarugusu. Huko kazi ilikuwa ya matimba, yaani miti inayozuia kuta za duara zisiingie ndani. Kila duara lina fundi wa matimba. Fundi wa duara nililokuwa nikilifuatilia aliitwa Kulwa, kijana wa umri wangu, baba wa mtoto mmoja, na kwa heshima wenzake walimwita Baba Holo. Alipima nafasi kati ya mti na mti kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na hakukubali kupimiwa na mtu mwingine.

"Wewe mkono wako wa kalamu," aliniambia. "Ukipima wewe tutazikwa."

Siku niliyoumia nilikuwa nimeshuka naye kukagua. Nilikuwa nimeinama nikitazama kamba ya ngazi. Nikasikia mlio mkavu, kama mtu aliyevunja muwa gotini, halafu mwingine. Nikainua macho kwenye mti wa karibu, na ukuta ukaja. Kulwa alinivuta kwa ukosi wa shati akanisukuma kwenye kona, na kifusi kikaponda mguu wangu wa kulia chini ya goti. Mchimbaji mwingine alipoteza vidole viwili. Hakuna aliyekufa.

Wiki moja baadaye, nikiwa hospitali, ofisi ilitaka taarifa. Mwenye duara alikuja kuniona akiwa na machungwa. Alikaa kwa utulivu, akanieleza kwamba Kulwa alikuwa ameanza kutanua nafasi ili miti itoshe. Niliandika hivyo. Nilikuwa mtu pekee mwenye kazi ya kuandika aliyekuwa chini wakati ule, kwa hiyo kila mtu aliichukua kama ushahidi wa macho. Sikuwa nimeona nafasi yoyote. Nilikuwa nikitazama kamba. Niliweka jina la Kulwa kwenye mstari wa tatu, nikatia sahihi, nikalala.

Kijarida kilipotoka, mwenye duara alimfukuza Kulwa. Maduara mengine matatu yalimkataa, kila moja likiwa na nakala ya kijarida.

Niliporuhusiwa kutoka, chumba changu Nyarugusu kilikuwa juu ya mteremko na choo chini yake. Kwa mtu wa magongo mawili hiyo ni safari ya nusu saa. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuja kunichukua. Yeye ni nahodha wa mashua ya tanga kwenye ziwa, upande wa Geita, na tangu mkewe afariki alikuwa akiishi humohumo chomboni.

"Mashua haina kilima," alisema. "Choo ni ziwa zima."

Niliishi mashuani karibu miezi mitano. Nawaeleza mnaoanza kuandika namna kazi ilivyofanyika pale, maana nimesikia wengi wakiona ni maisha ya kutamanika. Nililazwa nyuma, karibu na usukani, chini ya turubai, mguu juu ya gunia la mihogo. Karatasi niliziwekea ubao na kokoto nne, moja kila pembe. Kompyuta niliiacha mjini. Niliandika asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza, kwa sababu ukishaanza kila mtu anahitajika kwenye kamba, na aliyelala anahitajika kuinamisha kichwa foromali inapopita. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Ulinigonga mara mbili. Jambo gumu zaidi lilikuwa maji yanayoingia kwenye maungio ya mbao. Lazima yachotwe kwa kopo na kumwagwa nje kila baada ya muda, na aliyekaa bila kazi ndiye anayekabidhiwa kopo. Kwa hiyo sura za kitabu nilichokuwa nikiandika, cha mafunzo ya taarifa za ajali, ziliandikwa kati ya kopo na kopo.

Baharia alikuwa mmoja, Doto, mtu wa maneno.

"Mwangaluka, Mwandishi," alinisalimia kila asubuhi kwa Kisukuma. "Umeshaandika samaki wangapi leo?"

"Siandiki samaki."

"Basi ndiyo maana hushibi."

Mjomba yeye hakutania. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaukandamiza mguu wangu kwa kidole gumba kuona kama uvimbe unapungua, akaenda kwenye kazi yake. Alininywesha uji mwezi wa kwanza wote. Nayasema haya ili yanayofuata yasionekane mepesi.

Shehena ya mashua ilikuwa miti. Tuliichukua visiwani, tukaileta mwaloni, ufukweni vyombo vinapoegesha, na malori yakaipeleka maduarani. Mwezi wa pili ndipo nilipoanza kusimama, nikaona jinsi ilivyoandaliwa. Mjomba hakuipakia ikiwa imetoka kukatwa. Aliimenya maganda, akaizamisha kwenye tope la kina kifupi pembezoni mwa kisiwa, akaiacha miezi miwili au mitatu. Ilitoka ikiwa ya kijivu kama majivu yaliyolowa.

Rangi ile niliijua. Niliiona chini ya duara, sekunde chache kabla ya kifusi, kwenye mti uliopasuka kwa urefu wake wote.

"Mjomba, kwa nini unaizamisha?"

"Mti uliolala matopeni unakuwa chuma. Baba yangu alizamisha, babu alizamisha. Mbao za chombo hiki zililala matope mwaka mzima. Una miaka mingapi wewe? Chombo hiki kimekuzidi."

Sikuwa na la kubisha kuhusu chombo. Lakini mbao za chombo hazikauki. Zinatoka matopeni zinaingia majini, na huko zinabaki. Mti wa duara unatoka matopeni unashushwa mahali ambapo feni ya hewa inaupuliza upande mmoja mchana kutwa. Mafundi wa mashua huzamisha kwa sababu nzuri. Mjomba alikuwa ameichukua desturi ya mashua akaipeleka chini ya ardhi, na hakuna mtu kwenye mwalo mzima aliyeona tofauti, kwa kuwa wote walikuwa watu wa mashua.

Hilo lilikuwa wazo langu tu, nami nilikuwa nimeshaumiza mtu kwa wazo lisilo langu. Nikamwomba Doto vipande viwili vya mti wa aina moja, kimoja cha matopeni, kingine kilichokaushwa kivulini tu. Nikaviweka kando ya jiko la mkaa, umbali uleule, nikavigeuza upande uleule kila siku.

"Mwandishi sasa anapika magogo," Doto alisema. "Mguu umepanda kichwani."

Siku ya tisa, tukiwa tunakula ugali na dagaa, kipande cha matopeni kililia. Ulikuwa mlio uleule mkavu. Ufa ulitoka ncha hadi ncha, kidole kinaingia. Kile cha kivulini kilikuwa na nyufa ndogondogo tu. Mjomba aliacha tonge kwenye sahani, akakiokota kile kipande, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Duara lako," alisema, "miti ilikuwa yangu?"

"Rangi ilikuwa hiyo. Na lori lilipakia kwenye mwalo huu. Nilimpigia dereva juzi."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua tangu juzi, ukala ugali wangu kimya."

"Nilikuwa nasubiri mti useme."

Alicheka kidogo bila furaha. Kisha akasema jambo ambalo sikuliuliza. "Duara lilipoanguka, na wewe ukiwa ndani, nilijiuliza kuhusu miti. Nikasikia umeandika ni fundi. Nilimshukuru Mungu."

Nimejiuliza sana kama sentensi ile inamaanisha alijua. Mratibu angenishauri niulize mikono yake ilikuwa imeshika nini. Ilikuwa imeshika kile kipande.

Siku tatu nilizotumia kuandika taarifa ya pili zilikuwa ndefu kuliko kitabu chote. Nilieleza tope, feni, vipande viwili na jiko. Nilieleza kwamba sikuona nafasi za Kulwa, na kwamba maneno ya taarifa ya kwanza yalikuwa ya mwenye duara. Kuhusu miti niliandika kwamba ililetwa na "msafirishaji mmoja wa ziwani". Nilijua ninachofanya. Yule mzee alikuwa na chombo kimoja na kazi moja, na mimi nilikuwa nimelala juu ya chombo hicho.

Mjomba hasomi vizuri, kwa hiyo akataka nimsomee kabla sijaituma. Alisikiliza akiwa ameshika usukani, macho kwenye tanga.

"Rudia hapo kwenye miti."

Nikarudia.

"Msafirishaji mmoja ni nani?"

"Ni wewe, Mjomba."

"Mbona jina langu sijalisikia?" Akageuza usukani kidogo, tanga likatulia. "Ile ya kwanza uliweka jina la yule kijana au uliandika fundi mmoja?"

"Niliweka jina."

"Alikuvuta kwenye kifusi ukaweka jina lake. Mimi nimekupa uji, langu limeenda wapi?"

"Watu wataacha kununua miti yako."

"Wasiponunua nitabeba mihogo. Andika jina. Na la baba yangu usiliandike, yeye hakuwahi kupeleka mti duarani."

Niliandika jina lake. Mhariri aliichapa bila kukata mstari wowote, jambo ambalo halijawahi kutokea, na sikujua kama ni sifa au uchovu. Miezi miwili mwalo ule haukuuza miti. Mjomba alibeba mihogo, kisha akaanza tena na miti iliyokaushwa kivulini, kwa bei ndogo, akimweleza kila mnunuzi sababu hata kama hakuulizwa.

Nilimpelekea Kulwa taarifa hiyo mwenyewe, kwa gongo moja. Nilimkuta nyumbani kwake nje ya Nyarugusu akichambua karanga na mkewe. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilimsomea mpaka mwisho.

"Ile ya kwanza bado ipo?" aliuliza.

"Ipo. Ilishasambazwa."

"Huwezi kuzikusanya?"

"Siwezi, Baba Holo."

"Basi," alisema, "zipo mbili."

Mkewe aliniletea maji ya kunywa. Niliyanywa nikaondoka.

Niliacha kazi mwaka huo, nikiwa na miaka thelathini na mbili. Sababu rasmi ni mguu, ambao haushuki tena ngazi ya kamba. Wazee wa ofisi walinifanyia chai ya kuniaga, na Mratibu alisema nimestaafu kabla ya kuota mvi. Wanaoingia sasa huniuliza taarifa nzuri inaandikwaje, nami nawaambia niliyofundishwa: andika ulichokiona, uliza mikono, wahi kufika. Nawaambia pia kwamba mtu aliyeumia ndiye shahidi mbaya kuliko wote, kwa sababu kila mtu anamwamini. Wanaandika hilo kwenye madaftari yao. Sijui wanalifanyia nini.

Kuhusu kusahihisha taarifa iliyokwisha kutoka, sina uhakika kama kunasaidia. Ningependa kuamini kwamba taarifa ya pili ndiyo iliyomrudisha Kulwa kazini, lakini nilikwenda kuuliza, na haikuwa hivyo. Alichukuliwa na mwenye duara mpya, mgeni kutoka mikoa ya kusini, asiyesoma kijarida chetu. Mtu yule alipita akamkuta Kulwa anamsaidia jirani kuezeka banda la mbuzi, akasimama akamtazama anavyopima nafasi za nguzo kwa mkono wake, kiwiko hadi vidole. Akamwajiri palepale.