Kilichomuua Shikanga

Mideva aliolewa Likuyani na Shikanga, mkulima wa mahindi asiyekuwa na maneno mengi. Tumbo la Shikanga lilipofura na macho yake kugeuka manjano, watu wa boma hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni nani. Siku ya mazishi, mdogo wa marehemu, Protus, alisimama mbele ya waombolezaji akasema kaka yake amelishwa sumu, na aliyekuwa akimpakulia obusuma, ugali wake wa kila siku, anajulikana. Mideva aliondoka na nguo alizovaa.

Alihamia Shieywe mjini, akapanga chumba, akawa anasuka nywele. Miaka ikapita. Alipojitolea kutoa damu kanisani, alipigiwa simu aende hospitalini: alikuwa na homa ya ini, aina ya B. Daktari alimweleza kwamba virusi hivyo hupitia damu na unyumba, na huweza kujificha mwilini miaka mingi. Akamuuliza habari za mumewe. Mideva alikumbuka Shikanga alivyokuwa akijisifu kwamba yeye na Protus walitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, wala hawakupepesa jicho. Daktari akasema hakuna awezaye kuapa kwamba ni kisu, ila huyo ndugu apimwe upesi.

Mideva alimeza machungu yake akampigia Protus. Protus alimsikiliza kidogo tu, akakata simu.

Alikuja mwenyewe mwaka uliofuata, amekonda, tumbo limemtangulia mlangoni. Ini lilikuwa limeshaingia saratani. Mideva alimpa kiti na uji.

"Rudi nyumbani ukamwambie mama kilichomuua Shikanga," alimwambia.

Protus aliinamisha kichwa. "Nikisema hivyo, shemeji, wataniuliza kwa nini nilikufukuza."

"Basi uwajibu."

Hakuwajibu. Alikufa kabla ya mavuno, mdomo wake umefungwa.

Mideva alikwenda kumzika. Mama mkwe alimzuia langoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa amewamaliza wote wawili. Mideva hakujitetea. Aliomba jambo moja tu: mjane wa Protus na watoto wake wapelekwe wakapimwe, maana dawa zipo na chanjo ipo.

"Hata watoto unawataka?" mama mkwe aliuliza, akafunga lango.

Mideva alisimama barabarani, akasikiliza mahubiri yote kutoka ng'ambo ya ua. Mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu. Waombolezaji wakaitikia amina.