Upepo Unaopanda Mlima

Baba alifia shambani, Vidunda, akichoma mabua kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba yetu. Aliwasha moto upande wa chini asubuhi, hewa ikiwa imetulia, akapanda juu kumalizia kufyeka ukingo ili moto usivuke kwenda msituni. Jua lilipokolea, upepo ukaanza kupanda mlima, na moto ukapanda nao. Mama alikuwa mtoni anafua. Aliona moshi umelala kuelekea juu, akaacha nguo majini akakimbia. Hakuwahi.

Nilifunga kibanda changu cha chakula kule Mikumi, nikaenda kuzika, na matanga yalipokwisha nikabaki kukaa na mama.

Asubuhi moja tulikuwa tunachambua maharage sebuleni. Pazia la mlango likajaa upepo, likainuka, likashuka. Mama akanikazia macho.

"Mbona humwamkii baba yako?"

"Nani, mama?"

"Amepita sasa hivi. Anakwenda shamba."

Ikawa kila siku. Jua likishaupiga mteremko pazia linainuka, naye anaacha alichoshika na kutazama mlango. Akaanza kukataa chakula. Nikaona nimweleze nilichofundishwa nikiwa sekondari Kilosa, labda roho yake ingetulia.

"Mama, ule ni upepo tu, na upepo unaletwa na jua. Jua likichoma mteremko, udongo unapata moto. Hewa iliyo juu yake nayo inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Ya bondeni, yenye ubaridi, inakuja kujaza nafasi. Dunia nzima ni hivyo hivyo. Jua halipashi kila mahali sawasawa, ndiyo maana hewa haikai, inahamahama."

Aliendelea kuchambua maharage yake.

"Kwa hiyo ni jua lililompelekea moto."

"Ni jua, mama."

"Na likizama?"

Nilijibu upesi, kama niko darasani. "Mlima unapoa. Hewa inakuwa nzito, inateremka."

"Inateremka," alisema polepole. "Basi jioni huwa anarudi."

Jioni ile alibandika maji. Yalipopata moto akayamimina kwenye beseni, akaliweka nje ya bafu pamoja na sabuni na taulo la baba. Ubaridi ulianza kushuka kutoka mlimani, ukaleta harufu ya majivu ya shamba letu. Mama akasogea pembeni kidogo, kama anayempisha mtu.

"Pole na kazi," alisema. "Maji tayari."

Niliingia ndani nikafunga mlango. Upepo ukapenya chini ya ubao ukanigusa vifundoni, nami nikapandisha miguu kitandani. Nilijua vizuri sana ni nini, na bado niliipandisha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba njia ya kurudi nilikuwa nimemwonyesha mimi.

Kabla mvua hazijaanza, mama alishikwa na homa kali. Mdogo wangu akampeleka hospitali Kilosa, nami nikabaki na kuku. Siku ile niliapa kwamba beseni sitaligusa. Jua likazama nyuma ya mlima, majani ya migomba yakageuka upande wa pili, na nilipojitambua nilikuwa nimepiga magoti jikoni napuliza kuni. Nilipeleka maji. Nilipeleka na taulo. Nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Kulipokucha nilikuta beseni limejaa vilevile, na juu ya maji kumetanda jivu jembamba. Nikiwa bado nimeliinamia, simu ikaita. Alikuwa mama, sauti imekauka.

"Alikuta maji?"

Nilitazama mteremko. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linaufikia.

"Aliyakuta, mama."

Alishusha pumzi ndefu, kisha nikamsikia akimwomba mdogo wangu uji. Tangu alazwe hakuwa ametia kitu kinywani. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba siku ile alimaliza bakuli zima, akalala mpaka mchana.