Kilio Alichopewa Fisi

Enzi zake, akiinua nyusi moja tu, ukumbi mzima wa sinema ulikuwa unanyamaza. Ndiyo maana mpaka leo, miaka mingi tangu aache kuigiza majambazi, hata muuza magazeti humwita Nyusi. Jina la kwenye kitambulisho wanalijua daktari na mwenye nyumba.

Basi mjukuu wake, mchoraji wa filamu za katuni, alipomwambia kwamba kazini kwao huazima sura za waigizaji wa zamani kuwachorea wanyama wao, mzee alivimba kichwa. Wiki tatu mfululizo binti alikuja na karatasi na kamera ndogo. "Babu, kasirika. Sasa ona tamaa ya nyama." Babu akampa. Karatasi zikabandikwa ukutani: hasira, woga, ujanja.

Siku ya mwisho binti akauliza taratibu, "Na ulivyolia Bibi alipofariki?"

Alikuwa mdogo siku ile, akachungulia mlangoni. Hakuna mwingine aliyekiona kilio kile. Mwongozaji mmoja aliwahi kumwomba alie kwenye filamu kama alivyomlilia mkewe; Nyusi alikataa, na kazi ikamponyoka.

"Hicho si cha kazi, mama."

"Najua, Babu. Ni mimi tu. Nataka nikikumbuke."

Akalia. Mdomo ukapinda upande, kidevu kikacheza, mkono ukapapasa kando kumtafuta mtu asiyekuwepo. Kamera ilikuwa inawaka, lakini amwogope nani? Mtoto huyo kamlea mwenyewe.

Siku ya uzinduzi wa filamu ya katuni akaketishwa mstari wa mbele, suti imepigwa pasi mara mbili. Fisi akatokea na nyusi zile zile, watu wakamgeukia mzee na kumpigia makofi. Raha iliyoje! Kisha mfupa wa fisi ukatumbukia mtoni. Mdomo ukapinda upande. Kidevu kikacheza. Mkono ukapapasa kando. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Umewasikia, Babu?" mjukuu akamnong'oneza, macho yakimng'aa. "Hiyo ndiyo wameipenda kuliko zote!"

Mjukuu angekuwa hajui kwamba kilio kile si cha kazi, mzee angemsamehe hapo hapo. Lakini alijua, tena vizuri, na hilo ndilo lililomkata maini. Nyusi akahisi mdomo wake unaanza kupinda, akauziba kwa kiganja. Kilio kingine hakuwa nacho, na watu wa mstari ule walikuwa bado wanamtazama, wakisubiri kucheka tena.