Kirikuu Iliyoharibika Kila Ijumaa

Gaspar Nchimbi alikuwa mume wa mke mmoja, mzee wa jumuiya kanisani, mpiga gitaa la besi, na kwa muda wa miezi miwili alikuwa mwongo kila Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Mwenyewe hakuupenda uongo. Alitoka Mbinga akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akajifunza useremala Manzese, na mpaka leo karakana yake iko palepale, anatengeneza maboksi ya spika. Nyumbani kwake ni Mtoni. Ijumaa hupiga muziki na Mlima Sauti, bendi ya wazee sita wenye nyimbo za zamani na magoti ya zamani. Kati ya hao sita, mwenye gari ni yeye peke yake: kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu. Kwa hiyo ndiye dereva, na faini zote zikija zinamkuta yeye.

Baa wanayopiga iko Kinondoni, kwenye mtaa ambao Ijumaa jioni hata mtu mwembamba hupita kiubavu. Chipsi huku, bodaboda kule, baa imeangaliana na baa, na mbele ya mlango wao kuna kibao cha kukataza kuegesha. Sasa spika mbili kila moja kama kabati la nguo, ngoma, amplifaya na kinanda utavibebaje kutoka mbali? Gaspar alikuwa akisimama hapohapo mlangoni, anawasha taa za tahadhari, wanashusha. Akirudi anakuta mnyororo kwenye tairi na karatasi kwenye kioo.

"Baba Anna," mkewe, Margareta, alimwambia baada ya faini ya saba, "hiyo faini si inazidi unacholipwa? Kumbe unalipa ili upige!"

Gaspar akavuta sahani ya ugali karibu.

Ijumaa iliyofuata kirikuu ikamzimikia kweli, mbele ya baa kabisa. Askari wa maegesho, kijana mwenye kizibao cha njano, akapita, akamwona mzee amejaa grisi, akasema, "Pole sana baba," akaenda zake. Wakashusha vyombo vyote kwa raha zao. Hakuna mnyororo wala karatasi. Gaspar akafikiri sana usiku ule.

Tangu hapo kirikuu ikawa inaharibika kila Ijumaa. Gaspar akifika anazima gari, ananyanyua kiti cha dereva, maana injini ya kirikuu iko chini ya kiti, anajipaka grisi mikononi na kidogo shavuni. Nyuma ya gari anaweka matawi, kama ilivyo desturi ya gari bovu barabarani. Matawi hayo alikuwa akiyakata kwenye mwarobaini wa uani kwake Mtoni, akayafunga kwa kamba yawe fungu moja, kurahisisha kuyatupa na kuyaokota. Mpiga saksafoni wao, Deogratias, kazi yake ilikuwa kusimama kando na kusikitika. Aliipenda mno kazi hiyo. Wiki ya tatu alianza kushika kichwa; wiki ya tano akawa anasema kwa sauti, "Jamani, gari la watoto hili!" mpaka mama wa chipsi akampa soda ya pole.

Mambo yakaenda vizuri mpaka alipohamishiwa mtaa ule askari mpya wa maegesho, binti mmoja anaitwa Hamida.

"Shikamoo baba. Imefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Imekufa tu. Naona ni plagi."

"Nisogee niangalie. Mie nimesoma ufundi wa magari chuo, hii kazi nimeipata tu katikati."

Kabla Gaspar hajatafuta neno, Hamida alishaingiza mkono chini ya kiti. Akagusa hapa, akakaza pale, akachomoa waya mmoja akaupuliza akaurudisha. "Piga stata."

Gaspar akaona akikataa ataumbuka, akipiga ataumbuka. Akapiga. Kirikuu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, ikaunguruma palepale.

"Imepona!" Hamida akapiga makofi.

"Asante sana mwanangu," Gaspar alisema kwa sauti ya mfiwa. Spika moja ilikuwa ndani ya baa, nyingine bado iko garini, imening'inia nusu.

"Haya baba, sasa itoe hapa, usije ukapigwa faini bure."

Ikabidi aondoke nayo, na spika inaning'inia, na mpiga ngoma anakimbia nyuma ameishikilia isidondoke. Walizunguka mitaa mitatu. Siku hiyo walianza kupiga wakiwa wamechelewa saa nzima, na mwenye baa alinuna mpaka asubuhi.

Wiki ya pili Hamida alikuja na spana zake mwenyewe. Alikuwa amemfikiria yule mzee wiki nzima. Alifungua kabureta, akaisafisha kwa petroli, akaifunga, hakudai hata shilingi. Gaspar alishika tochi, na dhamiri ikamchoma kuliko mvuke wa rejeta. Kirikuu tangu siku hiyo ikawa inakula mafuta kidogo kuliko ilipokuwa mpya.

Wiki ya tatu Hamida hakugusa injini. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akaokota lile fungu la matawi, akaligeuzageuza.

"Baba."

"Naam."

"Mtaa huu una mwarobaini?"

Gaspar akatazama juu, akatazama chini. Mtaa ule ulikuwa na nguzo za umeme tu.

"Na mwarobaini unaota na kamba?"

Deogratias, aliyekuwa ameshashika kichwa tayari kwa kusikitika, akakiachia mkono mmoja mmoja, akaingia baa taratibu kama mtu aliyeitwa.

Gaspar alibaki peke yake na grisi yake shavuni. Akasema yote: faini saba, maneno ya mkewe, na jinsi alivyotaka kumwambia ukweli siku ile ya kabureta akashindwa. "Nisamehe mwanangu. Nina wajukuu wa rika la wadogo zako. Nimejiaibisha."

Hamida alijitahidi kukunja uso, lakini kicheko kilikuwa kinamponyoka. "Zile karatasi za faini, baba, unazo?"

Alikuwa nazo zote, kwenye droo ya gari. Hamida akachukua moja, akaigeuza nyuma, akamwekea kidole kwenye maandishi madogo kama sisimizi. *Kushusha mizigo kunaruhusiwa kwa dakika kumi, dereva akiwapo.*

"Saba umepewa, na hata moja hukuwahi kuigeuza?"

"Mwanangu, faini nani anaigeuza?"

"Basi Ijumaa nitakuja na simu, nitahesabu. Kumi, baba. Kumi na moja ni mnyororo, na hutanichukia."

Shida ni kwamba Mlima Sauti, kwa kawaida yao, walishusha vyombo kwa dakika arobaini na tano, ikiwemo kusalimiana. Gaspar alipomweleza mkewe, Margareta aliweka mwiko chini. Ujanani aliwahi kupita jeshi la kujenga taifa, na tangu arudi hakuwa amepata watu wa kuwaamrisha zaidi ya kuku.

"Waite wote kesho," alisema.

Wakapakia na kushusha uani Mtoni, majirani wamejaa ukutani. Mara ya kwanza: dakika ishirini na sita. Margareta alikuwa anatembea na mwiko.

"Deogratias! Wewe mbona umebeba kijisanduku tu?"

"Shemeji, mie ni mpulizaji, sio kuli. Mapafu yangu ni kifaa."

"Basi waya zote ni zako. Na stendi za maiki. Mapafu hayabebi, mikono inabeba."

Gaspar naye akatumia useremala wake: alizipigia spika magurudumu, akachonga ubao wa kuteremshia. Kufikia Alhamisi walifika dakika kumi na moja na nusu, wamelowa kama wametoka kuogelea.

Ijumaa, Hamida alikuwa mlangoni, simu mkononi. "Haya, anza!"

Ubao ukashuka, spika ya kwanza ikateleza ndani, ya pili ikafuata. Mama wa chipsi akaacha viazi vyake, bodaboda wakazima pikipiki. "Tatu!" wakaita. "Nne!" Dakika ya saba, kinanda kikiwa mabegani, bajaji ikaja ikaziba mlango wa baa, dereva akachomoa simu aanze kuongea. Wakamwita, hasikii. Deogratias akaweka waya chini, akafungua kijisanduku chake, akasogeza saksafoni sikioni pa yule dereva, akapuliza noti moja.

Bajaji iliruka mpaka mtaa wa pili.

"Tisa!" watu wakapiga kelele. Gaspar akarusha ubao garini, akarukia usukani, akaondoka. Hamida akanyanyua simu juu. "Tisa na sekunde arobaini!"

Gaspar aliegesha kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, akarudi kwa miguu. Alipotokea kwenye kona, mtaa mzima ukamshangilia. Watu wasiomjua wakampa mkono. Katika miaka thelathini na moja ya kupiga besi hakuna aliyewahi kumpigia makofi yeye mwenyewe. Watu husikiliza mwimbaji, besi huisikia tumboni tu bila kuuliza imetoka kwa nani. Sasa alipanda jukwaani huku machozi yanamlengalenga, na nyimbo mbili za kwanza alizipiga kwa kasi kupita kiasi mpaka mpiga ngoma akamkanyaga mguu apunguze.

Aliporudi nyumbani akamsimulia Margareta kila kitu, hata makofi.

Margareta alisikiliza, akafikiri kidogo. "Nane inawezekana," alisema. "Waambie waje uani kesho saa moja asubuhi, na Deogratias asije na soda."